Charles Spurgeon

Charles Haddon Spurgeon (Kelvedon, Essex, Uingereza, 19 Juni 1834 – Menton, Ufaransa, 31 Januari 1892) alikuwa mhubiri na mwandishi Mkristo wa madhehebu ya Wabatisti. Alikuwa mchungaji wa kanisa moja mjini London kwa karibu miaka 38, na mahubiri yake yalichapishwa kila wiki na kusomwa katika nchi nyingi.

Spurgeon anajulikana zaidi kwa umati wa watu waliokuja kumsikiliza. Hata hivyo mtu huyo aliyesimama mbele ya maelfu alisumbuliwa na hofu na huzuni nzito kwa sehemu kubwa ya maisha yake, hasa baada ya maafa yaliyotokea katika ibada yake mwaka 1856. Hakuificha hali hiyo. Aliizungumzia mimbarani, aliwafundisha wanafunzi wake juu yake, na alikataa kuihesabu kuwa dhambi au dalili ya kukosa imani. Kwa sababu hiyo maisha yake hutajwa mara nyingi Wakristo wanapojadili namna ya kukabili hofu na wasiwasi.

Familia na utoto

Charles alikuwa mtoto wa kwanza wa John Spurgeon na Eliza Jarvis. Wazazi wake walizaa watoto 17, na 9 kati yao walifariki wakiwa wachanga. Baba yake alikuwa karani aliyehubiri pia, na babu yake, James Spurgeon, alikuwa mchungaji wa Kanisa la Kikongregesheni katika kijiji cha Stambourne.

Kabla hajatimiza miaka 2, Charles alipelekwa kulelewa na babu na bibi yake huko Stambourne, akakaa huko miaka kadhaa. Nyumba ya mchungaji ilikuwa na chumba chenye vitabu vya zamani vya Wapuritani, na mtoto alivizoea mapema. Kitabu alichokipenda kuliko vyote baada ya Biblia kilikuwa kile cha John Bunyan kinachosimulia safari ya Mkristo kuelekea mji wa mbinguni. Alikisoma tena na tena mpaka uzee. Katika kitabu hicho msafiri hutumbukia katika bwawa la kukata tamaa, hupita bonde la uvuli wa mauti, na hufungwa katika ngome ya jitu liitwalo Kukata Tamaa. Picha hizo zilimsaidia baadaye kueleza mambo yaliyompata mwenyewe.

Hofu ya ujanani na kuongoka

Spurgeon alirudi kwa wazazi wake waliokuwa wamehamia mji wa Colchester. Mama yake alizoea kuwasomea watoto Jumapili jioni vitabu vya kuwaonya wenye dhambi, kama vile vya Joseph Alleine na Richard Baxter. Vitabu hivyo vilimwingia kijana huyo kwa nguvu. Kwa miaka kadhaa aliishi na hofu ya hukumu ya Mungu. Alisali, alisoma, alijaribu kutenda mema, lakini hakupata amani. Aliona sheria ya Mungu inamshtaki kila siku, na hakuna aliyeweza kumtuliza.

Tarehe 6 Januari 1850, akiwa na umri wa miaka 15, alitoka nyumbani kwenda kanisani. Theluji ilikuwa ikianguka sana, akashindwa kufika alikokusudia. Aliingia katika kanisa dogo la Wamethodisti lililokuwa njiani. Ndani walikuwemo watu wachache tu, na mhubiri wao hakuweza kufika kwa ajili ya theluji. Muumini mmoja wa kawaida, asiye na elimu kubwa, akasimama badala yake. Somo lilikuwa Isaya 45:22, mstari unaowaita watu wa dunia yote wamtazame Mungu ili waokolewe. Kwa kuwa hakuwa na mengi ya kusema, mtu huyo alirudia jambo moja: kinachotakiwa ni kutazama, na kutazama hakuhitaji elimu wala nguvu. Kisha akamwona kijana mgeni aliyekaa chini ya roshani, akamwambia wazi kwamba anaonekana mwenye taabu, na kwamba amtazame Kristo.

Spurgeon alisimulia maisha yake yote kwamba saa ile ndipo mzigo ulipomtoka. Alichojifunza pale kikawa msingi wa mahubiri yake: mtu mwenye hofu asijichunguze bila kikomo akitafuta ndani yake sababu ya kutulia, bali aelekeze macho kwa Kristo. Tarehe 3 Mei 1850 alibatizwa kwa kuzamishwa katika mto Lark, karibu na kijiji cha Isleham, akawa Mbatisti.

Kuanza kuhubiri

Akiwa msaidizi wa mwalimu katika shule, kwanza Newmarket kisha Cambridge, alianza kuhubiri vijijini. Alipokuwa na miaka 17 alikabidhiwa kanisa dogo la Waterbeach, karibu na Cambridge. Hakuwahi kusoma chuo cha uchungaji, na baadaye alikataa cheo cha heshima cha wachungaji wa wakati wake.

Desemba 1853 alialikwa kuhubiri katika kanisa la New Park Street, eneo la Southwark, kusini mwa mto Thames mjini London. Kanisa hilo lilikuwa na historia ndefu na nafasi ya watu 1,200 hivi, lakini waliohudhuria walikuwa wamepungua sana. Aprili 1854 akawa mchungaji wake akiwa na miaka 19. Baada ya miezi michache nafasi haikutosha tena. Kanisa lilipanuliwa, na wakati wa ujenzi ibada zilifanyika katika ukumbi mkubwa wa Exeter Hall. Hata baada ya upanuzi watu walikosa mahali pa kukaa.

Lugha yake ilikuwa nyepesi, yenye mifano ya sokoni, shambani na nyumbani. Watu wa kawaida waliipenda. Baadhi ya magazeti yalimcheka, yakisema ni kijana asiye na adabu ya mimbari.

Tarehe 8 Januari 1856 alimwoa Susannah Thompson, muumini wa kanisa hilo. Mnamo Septemba mwaka huohuo walipata watoto mapacha wa kiume, Charles na Thomas.

Kipindupindu cha mwaka 1854

Mwaka wake wa kwanza London ulikuwa mwaka wa kipindupindu. Southwark iliathirika vibaya, kwa kuwa wakazi wengi walitumia maji machafu ya mto Thames. Watu wengi walidhani ugonjwa huletwa na hewa mbaya. Daktari John Snow alikuwa akikusanya ushahidi kwamba unaenezwa na maji, lakini hakuwa amekubaliwa bado.

Mchungaji huyo kijana aliitwa nyumba baada ya nyumba, usiku na mchana. Aliwazika waumini na marafiki zake mmoja baada ya mwingine. Baada ya wiki kadhaa alichoka mwili na roho, akaanza kujihisi kwamba naye anaugua. Siku moja, akirudi kutoka mazishini, alipita mbele ya duka la fundi viatu. Dirishani palibandikwa karatasi yenye maneno ya Zaburi 91:9-10, yanayomhusu mtu aliyemfanya Bwana kuwa kimbilio lake. Aliyasoma, na hofu ikamwachia. Aliendelea kuwatembelea wagonjwa bila woga ule wa kwanza. Miaka mingi baadaye alilisimulia tukio hilo katika ufafanuzi wake wa Zaburi, akimshukuru Mungu aliyemwongoza fundi yule kuibandika karatasi ile.

Maafa ya Surrey Gardens

Kwa kuwa hapakuwa na kanisa la kutosha, uongozi ulikodi ukumbi mpya wa muziki katika bustani ya Surrey Gardens. Ukumbi huo ulikuwa na roshani za ghorofa tatu na ulichukua watu wapatao 10,000. Ibada ya kwanza ilipangwa jioni ya Jumapili, tarehe 19 Oktoba 1856. Spurgeon alikuwa na miaka 22, na mapacha wake walikuwa na umri wa mwezi mmoja hivi.

Ukumbi ulijaa hadi njiani, na maelfu wengine walibaki nje. Ibada ilikuwa imeanza tu na sala ikiendelea, mara watu fulani wakapiga kelele kwamba kuna moto na kwamba roshani zinaanguka. Hapakuwa na moto wowote. Lakini umati ulikimbilia milango na ngazi, ukingo wa ngazi ukavunjika, na watu wakaangukiana na kukanyagana. Watu 7 walikufa, na wengine 28 walipelekwa hospitali wakiwa na majeraha makubwa.

Kutoka mimbarani Spurgeon hakuweza kuona yaliyotokea kwenye ngazi. Alijaribu kuwatuliza watu, na wengi waliobaki walimtaka aendelee, naye akaendelea kwa muda mfupi. Baada ya kuambiwa kwamba watu wamekufa, alizimia akachukuliwa kwa kubebwa. Waliopiga kelele hawakujulikana kamwe.

Alipelekwa kwa rafiki huko Croydon, mbali na kelele za mji. Kwa siku nyingi alilia mchana na kuota ndoto za kutisha usiku. Hakuweza kufanya kazi yoyote, na hata kuiona Biblia kulimtoa machozi. Magazeti mengine yalimshambulia vikali, yakimlaumu kwa kukusanya umati na kwa kuendelea na ibada. Waliokuwa karibu naye walihofu kwamba akili yake haitarudi.

Nafuu ilikuja akiwa anatembea katika bustani ya nyumba ile. Akakumbuka andiko la Wafilipi 2:9, linaloeleza jinsi Mungu alivyomwadhimisha Yesu na kumpa jina lipitalo kila jina. Akaona kwamba Kristo bado anatawala, na kwamba kazi ya Kristo haitegemei jina zuri la Spurgeon. Kama Bwana wake anatukuzwa, basi askari anaweza kulala mtaroni bila kunung'unika. Tarehe 2 Novemba alirudi mimbarani na kuhubiri juu ya andiko hilohilo. Mwezi huohuo alirudi katika ukumbi uleule wa Surrey Gardens, safari hii asubuhi, na aliendelea kuhubiri huko hadi mwaka 1859.

Kovu lililobaki

Kurudi kazini hakukumaanisha kwamba amepona kabisa. Kwa maisha yake yote kumbukumbu ya usiku ule ilimrudia, hasa alipoona jengo limejaa watu kupita kiasi. Mara nyingi kabla ya ibada kubwa alitetemeka, na alihitaji kutulia kwanza kabla ya kusimama. Wanaoandika juu yake siku hizi huifananisha hali hiyo na athari za kisaikolojia zinazowapata watu walionusurika katika ajali au vita, pamoja na sonona. Madaktari wa wakati wake hawakuwa na maelezo hayo.

Pamoja na hayo hakuacha kuhubiri mbele ya umati. Tarehe 7 Oktoba 1857, karibu mwaka mmoja baada ya maafa, alihubiri katika jengo la Crystal Palace wakati wa siku ya kitaifa ya toba, mbele ya watu 23,654. Idadi hiyo ilihesabiwa kwa mashine za mlangoni.

Tabernakulo na taasisi nyingine

Maafa ya Surrey Gardens yalionyesha umuhimu wa jengo la kanisa lenyewe, lenye nafasi na milango ya kutosha. Jiwe la msingi liliwekwa Agosti 1859 katika eneo la Elephant and Castle, na jengo likafunguliwa Machi 1861 bila deni. Liliitwa Metropolitan Tabernacle. Liliweza kuchukua watu wapatao 6,000, baadhi yao wakiwa wamesimama. Hapo Spurgeon alihubiri kwa miaka 30.

Kazi nyingine alizoanzisha ni pamoja na:

- Chuo cha wachungaji (1856), kilichopokea vijana wenye wito wa kuhubiri hata kama hawakuwa na fedha wala elimu ya juu.
- Gazeti la kila mwezi (1865) lenye jina la upanga na mwiko wa mwashi, kwa kufuata habari za Nehemia na wajenzi wa ukuta wa Yerusalemu.
- Kituo cha yatima cha Stockwell (1867), kilichoanza kwa mchango wa pauni 20,000 za Anne Hillyard. Kwanza kilikuwa cha wavulana, na tangu mwaka 1879 kikapokea pia wasichana.
- Mfuko wa vitabu (1875), ulioanzishwa na kuendeshwa na mkewe Susannah, ambao uliwapa vitabu wachungaji maskini.

Mahubiri yake yaliandikwa kwa hatimkato wakati akihubiri, naye akayasahihisha Jumatatu kabla ya kupelekwa kiwandani. Yalianza kutolewa kila wiki mwaka 1855, na akiba iliyobaki ilitosha kuendelea kuchapishwa hadi mwaka 1917. Yote yanajaza juzuu 63. Kazi yake kubwa ya maandishi ni ufafanuzi wa Zaburi katika juzuu 7, aliyoimaliza mwaka 1885.

Mahubiri kuhusu ajali, na nakala ya Livingstone

Mwishoni mwa kiangazi cha mwaka 1861 ajali mbili za treni ziliitikisa Uingereza. Tarehe 25 Agosti treni ziligongana ndani ya handaki la Clayton, wakafa watu 23. Wiki moja baadaye, tarehe 2 Septemba, ajali nyingine ilitokea Kentish Town, London, wakafa watu 16. Baadhi ya watu wa dini walisema ni adhabu ya Mungu kwa waliosafiri kwa starehe siku ya Jumapili.

Tarehe 8 Septemba Spurgeon alilijibu jambo hilo akitumia Luka 13:1-5, ambapo Yesu anazungumzia watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Alifundisha kwamba si haki kuwahukumu waliokufa kana kwamba walikuwa wabaya kuliko wengine. Wema na waovu husafiri katika treni moja. Kilichobaki kwa walio hai ni kujichunguza wenyewe na kutubu. Waliomsikiliza walijua kwamba miaka 5 kabla ya hapo watu 7 walikufa katika ibada yake mwenyewe.

Nakala iliyochapishwa ya mahubiri hayo ilimfikia David Livingstone, mmisionari na mpelelezi aliyesafiri katika nchi ambazo leo ni Tanzania, Malawi, Zambia, Msumbiji na Kongo. Livingstone alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, na mwili wake ulibebwa na wenzake wa safari, wakiwemo Chuma na Susi, hadi Bagamoyo. Kati ya karatasi zilizobaki baada yake ilikutwa nakala hiyo ikiwa imechakaa, na juu yake Livingstone alikuwa ameandika kwa mkono maneno mafupi ya kuisifu. Baadaye ilikabidhiwa kwa Spurgeon, aliyeitunza kama hazina.

Magonjwa na huzuni

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1860 Spurgeon aliugua jongo, ugonjwa unaovimbisha viungo na kuleta maumivu makali. Baadaye figo nazo zilidhoofika. Mara nyingi alikuwa kitandani kwa wiki nzima. Mkewe pia alikuwa mgonjwa kwa miaka mingi na hakuweza kumsikiliza kanisani kwa vipindi virefu. Kuanzia miaka ya 1870 Spurgeon alikwenda majira ya baridi katika mji wa Menton, kusini mwa Ufaransa, kutafuta joto na mapumziko.

Maumivu ya mwili yalifuatana na huzuni ambayo mara nyingine haikuwa na sababu yoyote aliyoweza kuitaja. Alieleza kwamba huzuni ya namna hiyo haipambaniki kwa hoja, kwa sababu haina umbo, kama ukungu. Mara nyingine alilia kama mtoto bila kujua analilia nini.

Mwaka 1871, akiwa katika maumivu yasiyovumilika, aliwaomba waliomuuguza watoke chumbani. Akamwomba Mungu kama mtoto anavyomwomba baba, akisema kwamba yeye mwenyewe asingeweza kumwona mwanawe akiteseka hivyo bila kumkumbatia. Baada ya sala hiyo maumivu yalipungua, akapata usingizi. Hakusema kwamba kila sala ya namna hiyo hujibiwa papo hapo, maana ugonjwa wenyewe ulibaki naye hadi kufa.

Mafundisho yake kuhusu hofu na huzuni

Mwaka 1875 ilichapishwa sehemu ya kwanza ya mihadhara aliyowapa wanafunzi wa chuo chake siku za Ijumaa. Mhadhara mmoja unahusu mchungaji anapovunjika moyo. Spurgeon aliuandika ili vijana wasishangae jambo hilo litakapowapata. Mawazo yake makuu, katika mhadhara huo na katika mahubiri mengi, yanaweza kufupishwa hivi.

Kwanza, watumishi hodari wa Mungu walipita humo. Alimtaja Martin Luther, aliyepanda juu kwa furaha na kushuka chini kwa kukata tamaa. Alipenda pia kumtaja nabii Eliya, aliyeomba kufa chini ya mti mara baada ya ushindi mkubwa (1 Wafalme 19), akionyesha kwamba Mungu hakumkemea kwanza, bali alimpa chakula na usingizi.

Pili, huzuni ina sababu nyingi, na si zote ni za kiroho. Mwili dhaifu, kukaa muda mrefu ndani ya chumba kisicho na hewa, kazi ya akili isiyo na mapumziko, usaliti wa rafiki, pigo moja kubwa, hata mafanikio makubwa, vyote vinaweza kuishusha roho. Kwa hiyo aliwashauri wanafunzi watembee mashambani, wapate hewa ya bahari na wapumzike bila kuona aibu, kwa kuwa Yesu naye aliwaambia wanafunzi wake wapumzike (Marko 6:31). Hakuona kwamba dawa na mapumziko vinapingana na sala.

Tatu, Mungu anatawala yote. Spurgeon alifuata teolojia ya Kikalvini, inayosisitiza kwamba hakuna jambo linalotokea nje ya mapenzi ya Mungu. Wengine huliona fundisho hilo kuwa zito kwa mtu anayeteseka. Kwake lilikuwa faraja: lililo gumu kubeba ni wazo kwamba mateso yamekuja kwa bahati mbaya, bila mkono wa mtu anayempenda kuyapima.

Nne, Kristo mwenyewe aliifahamu hofu. Spurgeon alihubiri mara nyingi juu ya Yesu katika bustani ya Gethsemane, alipohuzunika na kutoka jasho. Aliyepita humo hawezi kumdharau anayetetemeka.

Tano, imani hushika ahadi hata pale hisia zinaposema kinyume. Alizilinganisha ahadi za Biblia na hundi ya benki: haina faida mpaka mwenye nayo aipeleke na kuidai. Wazo hilo ndilo msingi wa kitabu chake cha tafakari za kila siku kilichotoka mwaka 1888.

Mwisho, aliyefarijiwa anaweza kuwafariji wengine. Spurgeon aliona pia kwamba mara nyingi giza lilimjia kabla ya hatua kubwa ya kazi yake, akazoea kulipokea kama tangazo la jambo jema linalokuja.

Mabishano ya miaka ya mwisho

Kitabu hicho cha mwaka 1888 kilitokea katikati ya dhoruba. Mwaka uliotangulia gazeti lake lilikuwa limewashutumu baadhi ya wachungaji kwa kuacha mafundisho ya msingi, kama vile mamlaka ya Biblia na kifo cha Kristo kwa ajili ya dhambi. Oktoba 1887 Spurgeon alijitoa katika Umoja wa Wabatisti. Januari 1888 halmashauri ya umoja huo ilipitisha azimio la kumlaumu kwa kutoa mashtaka bila kutaja majina. Marafiki wa zamani, na hata baadhi ya waliosoma katika chuo chake, walimwacha. Wapo wanaosema alitetea ukweli, na wapo wanaosema alikuwa mkali mno na aliacha nafasi ya maelewano. Wote wanakubaliana kwamba ugomvi huo ulimuumiza sana na kumdhoofisha afya.

Kifo

Tarehe 7 Juni 1891 alihubiri kwa mara ya mwisho katika Tabernakulo. Baada ya hapo aliugua sana, na waumini walikutana kila siku kumwombea. Oktoba alipata nafuu ya kutosha kusafiri hadi Menton, safari hii pamoja na mkewe, ambaye kwa miaka yote ya nyuma alishindwa kwenda naye kwa sababu ya ugonjwa. Walikaa pamoja huko kwa miezi mitatu.

Alifariki Menton tarehe 31 Januari 1892, akiwa na umri wa miaka 57. Mwili ulirudishwa London, na watu wapatao 60,000 walipita mbele ya jeneza katika Tabernakulo. Alizikwa tarehe 11 Februari katika makaburi ya West Norwood. Mwanawe Thomas, aliyekuwa amehudumu New Zealand, alichukua nafasi yake mwaka 1894. Susannah, pamoja na Joseph Harrald aliyekuwa katibu wa mumewe, alikusanya kumbukumbu zake katika juzuu 4, akafariki mwaka 1903.

Umuhimu wake

Spurgeon bado ni mmoja wa wahubiri wanaosomwa zaidi katika Ukristo wa Kiprotestanti, na kanisa la Metropolitan Tabernacle na chuo alichokianzisha vinaendelea hadi leo.

Kuhusu hofu na wasiwasi, mchango wake ni wa aina mbili. Upande mmoja, alipinga wazo kwamba Mkristo wa kweli hawezi kuvunjika moyo, wazo lililowaongezea wagonjwa aibu juu ya maumivu. Upande mwingine, hakukubali kwamba hofu iwe na neno la mwisho. Woga wa umati ulibaki naye miaka 35 baada ya usiku wa Surrey Gardens, na katika miaka hiyo yote alipanda mimbarani karibu kila Jumapili afya ilipomruhusu. Katika mafundisho yake, imani haipimwi kwa kukosa hofu, bali kwa mahali mtu anapoelekeza macho wakati hofu ipo.